Kuponi zimejaza kabati, pochi imebaki tupu

*Shikamoo Shangazi,*

*Sijawahi kuandika barua ya namna hii, kwa hiyo nivumilie nikizunguka. Mimi ni mama wa watoto watatu, na ndoa yetu ina miaka 9. Tangu mume wangu apunguziwe saa za kazi nimekuwa mtu wa kuhesabu kila kitu. Sehemu kubwa ya mshahara inaishia kwenye chakula na vitu vya nyumbani, basi nikasema nianzie hapo.*

*Wifi yangu ni bingwa wa kuponi. Kila tukikutana anatoa risiti mkobani kama anayeonyesha picha za harusi: "Tazama hapa chini, nimeokoa nusu." Nikamwomba anifundishe. Akanijibu, "Wewe anza tu, mengine utayajua mbele ya safari."*

*Nikaanza, na sasa ni miezi miwili. Nimekata kuponi magazetini, nimeokota vipeperushi mlangoni mwa maduka, nimepakua programu nne kwenye simu, nimejiunga na makundi mawili ya WhatsApp. Matunda yake ni haya: kabatini nina chupa 11 za sabuni ya vyombo, dawa ya kusukutua kinywa ambayo hakuna anayeitumia kwetu, na makopo sita ya chakula cha paka. Shangazi, hatuna paka. Mume wangu alicheka, akasema labda tutafute paka ili tusipate hasara. Lakini usiku ule alikaa na risiti za mwezi mzima akazijumlisha, nikauona uso wake. Tulitumia zaidi kuliko mwezi ambao sikuwa na kuponi hata moja.*

*Kilichonivunja kabisa ni Jumamosi iliyopita. Nilifika kwa keshia na kuponi 7, nne zikakataa. Moja ilikuwa imepitwa na tarehe, moja ni ya saizi nyingine, na mbili mpaka leo sijajua sababu. Mashine ililia tu. Foleni nyuma yangu ilikuwa imefika kwenye majokofu. Mtu akashusha pumzi kwa nguvu ili nimsikie. Mwingine akasema, "Hawa watu wa kuponi hawa." Nikaacha kikapu palepale nikatoka. Nyumbani nilisema duka lilijaa.*

*La mwisho. Kwenye kundi mojawapo umetumwa ujumbe kwamba ukijaza fomu fupi unapata kuponi ya nusu bei kwa manunuzi yote, duka lolote. Wanataka jina kamili, namba ya kitambulisho na ada kidogo ya kuishughulikia. Sijajaza, ila mkono unaniwasha.*

*Niendelee au niache? Na kama ni kuendelea, mtu anaanzia wapi hasa?*

*Mwenye Sabuni Nyingi*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo la mwisho kwa kuwa lina haraka: usijaze hiyo fomu. Kuponi ya kweli ina masharti mengi kuliko mwenye nyumba. Hutaja bidhaa, saizi, kiasi cha punguzo, tarehe ya mwisho na anayeitoa. Hutaja hivyo kwa sababu kuna mtu anayelipia lile punguzo, na hataki kulipia la mwenzake. Mtengenezaji wa sabuni hawezi kukulipia nusu ya bei ya sabuni ya mshindani wake, wala duka haliwezi kukulipia manunuzi ya duka la ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo ukiletewa kuponi inayokubalika popote na kwa chochote, jiulize nani anailipa. Hapo mlipaji ni wewe, kwa ile ada na kwa kile kitambulisho. Futa ujumbe, kisha waonye wenzako kundini kabla hujatoka.

Na kama kundini humo kuna wanaouza kuponi "kali" kwa bei ya kutupa, kaa nazo mbali pia. Mwaka 2021 mahakama huko Virginia, Marekani, ilimfunga mwanamke mmoja miaka 12 jela kwa kuponi bandia alizozitengeneza mwenyewe kwa kompyuta na kuwauzia watu mtandaoni. Hasara iliyohesabiwa ilizidi dola milioni 31. Kuponi zile zilipita kwenye mashine vizuri tu, kama za kweli, na ndiyo maana hasara ilifika huko.

Haya, tuje kwa paka.

Umenichekesha, lakini paka huyo asiyekuwepo ndiye ufunguo wa barua yako yote. Ulikiona chakula cha paka kina kuponi, punguzo likakuvutia, ukanunua. Tuseme bei yake ilikuwa 100 nawe ukalipa 40. Wifi yako angekuambia umeokoa 60. Mimi nakuambia umetumia 40, maana bila kuponi usingetumia hata senti. Kuponi ni tangazo la biashara lililovaa nguo za zawadi. Imetumwa kwako ili ubadili mazoea: ununue usichonunua, uhame chapa uliyoizoea, au uchukue vitatu pale ulipokuwa unachukua kimoja. Coca-Cola walikuwa wakigawa tiketi za glasi moja ya bure tangu mwishoni mwa karne ya 19. Hawakugawa kwa kuwahurumia wenye kiu. Walitaka watu waonje kinywaji wasichokijua, kisha warudi na hela yao.

Hata karatasi yenyewe inakiri kwamba haina thamani. Kuponi nyingi za Marekani, ukizisoma kwa miwani, utakuta zimeandikwa kwamba thamani yake kwa fedha taslimu ni sehemu ya 1/100 ya senti. Ni masalia ya enzi za stempu za biashara, zile ambazo kampuni ya Sperry & Hutchinson ilianza kuzitoa mwaka 1896: mnunuzi alizibandika kwenye kijitabu, kikijaa akakibadilisha na vyombo vya nyumbani. Baadhi ya majimbo yalitunga sheria kwamba kitu cha namna hiyo lazima kiandikwe thamani yake, basi wakaandika ndogo kuliko zote. Mimi napenda kukumbuka kile kiwango cha 1/100 ya senti kila ninapojisikia tajiri kwa sababu nimeshika bahasha ya kuponi.

Sasa usinielewe vibaya nikaonekana nazipinga. Nazitumia mwenyewe, na zinanisaidia. Ila nazitumia kinyume na anavyotaka aliyezitoa, na hilo ndilo ningetaka wifi yako akufundishe badala ya kukurusha majini. Wewe ulianza na kuponi ukaishia kwenye kikapu. Geuza. Anza na kikapu.

Wiki hii usikate kuponi yoyote. Chukua daftari dogo la watoto la mazoezi, na risiti zile zile alizozijumlisha mume wako. Andika vitu 12 au 15 ambavyo hununuliwa kwenu kila mwezi hata nchi ikipinduka: mafuta ya kupikia, sabuni ya kufulia, dawa ya meno, karatasi za chooni, nepi kama mdogo bado anazivaa. Mbele ya kila kimoja andika bei uliyolipa, ukubwa wa pakiti na tarehe. Kila ukienda dukani ongeza bei ya siku hiyo, hata kama hukununua. Fanya hivyo wiki 6 mpaka 8. Najua inachosha, na wiki ya pili utatamani kuacha. Usiache, maana daftari hilo litakusaidia kuliko programu zako nne zikijumlishwa.

Kwa nini? Kwa sababu bei dukani hupanda na kushuka kwa zamu. Kitu kinakaa kwenye bei ya juu wiki kadhaa, kinashushwa wiki moja, kinarudishwa. Asiyejua zamu hiyo hawezi kujua kama ofa ni ofa. Lile bango lenye bei ya zamani iliyopigwa mstari huwa linamtazama yule asiye na kumbukumbu. Umoja wa Ulaya waliona ujanja huo umezidi, na tangu Mei 2022 duka linalotangaza punguzo huko linatakiwa kuonyesha bei ya chini kabisa iliyotozwa ndani ya siku 30 zilizotangulia. Wewe sheria yako ni daftari. Ukiona dawa ya meno imeandikwa "punguzo la 30%" na daftari linasema mwezi jana ilikuwa bei hiyo hiyo bila bango, unapita zako.

Na hesabu ya bei iwe kwa kipimo, si kwa pakiti. Gawanya bei kwa lita, kwa kilo, au kwa idadi ya vipande. Maduka mengi huandika bei ya kipimo kwa herufi ndogo chini ya bei kubwa kwenye rafu; zoesha macho yaanzie huko. Utashangaa mara ngapi chapa isiyo na jina, isiyo na kuponi, inaishinda ile maarufu yenye kuponi. Tuseme chupa ya mafuta ya chapa kubwa ni 120, nawe una kuponi ya 20. Unalipa 100 na moyo umetulia. Pembeni yake kuna chupa ya ujazo huo huo, iliyobandikwa jina la duka lenyewe, kwa 85. Kuponi hapo imekugharimu 15. Sijui kama umewahi kuitazama kuponi kwa jicho hilo. Mimi ilinichukua miaka.

Ukishakuwa na orodha na bei zake, sasa tafuta kuponi. Orodha ndiyo itakayoamua ipi uchukue na ipi uiache. Hapo utagundua kitu cha ajabu: kati ya kuponi 50 zinazopita mbele yako, labda nne zinakuhusu. Usihuzunike. Hizo nne ndizo kuponi, zile 46 zilikuwa matangazo. Na programu zile nne zipunguze ibaki moja, ya duka unalokwenda kwa kawaida. Nyingine zinakula muda, zinakutumia ujumbe saa za usiku, na zinaandika kila unachonunua. Hili la kuandikwa nalo ni biashara: wanakupa punguzo, unawapa habari zako. Mtu anaweza kukubali biashara hiyo, ilimradi ajue kwamba ameikubali.

Tuje kwenye ile Jumamosi. Umeniandikia kwa uchungu, nami nataka tuikague kuponi kwa kuponi, maana mashine haikulia kwa kukuchukia.

Ya kwanza ilipitwa na tarehe. Hiyo haina mjadala. Weka kuponi zako kwenye bahasha kwa kufuata tarehe, inayoisha mapema ikae mbele. Ya pili ilikuwa ya saizi nyingine. Hapa wengi hudanganywa na picha. Picha kwenye kuponi mara nyingi ni ya pakiti kubwa, au ya aina mpya ya bei ghali, kwa kuwa ndiyo wanayotaka uichukue. Maneno ndiyo yenye mamlaka. Soma maneno, picha iache. Wakati mwingine maneno yanaruhusu saizi yoyote, na hapo una nafasi nzuri, kwa sababu kuponi ya kiasi maalumu hufanya kazi kubwa zaidi kwenye pakiti ndogo. Kuponi ya 30 kwenye pakiti ya 150 inakupunguzia sehemu ya tano. Kwenye pakiti ndogo ya 40 inakuachia ulipe 10. Kila mtu ameambiwa kwamba kununua kikubwa ni nafuu. Ukiwa na kuponi ya namna hiyo, fanya hesabu ya kipimo kwanza, mara nyingi kidogo kinashinda.

Zile mbili zilizolia bila sababu, nadhani nazijua. Msimbopau wa kuponi, ile mistari myeusi inayosomwa na mashine, hubeba zaidi ya kiasi cha punguzo. Mara nyingi unabeba pia ni bidhaa ya nani na ni ngapi zinatakiwa, na mashine hulinganisha na vilivyomo kikapuni. Kama kuponi inasema "ukinunua mbili" nawe umechukua moja, italia. Kama umeweka kuponi mbili za mtengenezaji juu ya bidhaa moja, ya pili italia. Kuna pia maneno mawili yanayofanana kama mapacha: "moja kwa kila bidhaa" na "moja kwa kila malipo". La kwanza maana yake ukinunua sabuni nne unaweza kutumia kuponi nne, kila sabuni na yake. La pili maana yake hata ukinunua sabuni 20 kwa mkupuo, kuponi ni moja tu. Na kama ni kuponi ya kwenye simu, lazima uibonyeze iingie kwenye kadi yako ya uanachama wa duka kabla hujafika kwa keshia. Kuiona kwenye skrini peke yake hakutoshi. Hilo la simu limeniaibisha mimi mwenyewe zaidi ya mara moja, na mtandao wa ndani ya duka siku hiyo huwa umelala. Bonyeza ukiwa nyumbani.

Kisha jifunze kutofautisha kuponi ya mtengenezaji na ya duka. Ya duka inatumika kwenye duka hilo tu, na wao wenyewe ndio wanaoibeba. Ya mtengenezaji inapokelewa na maduka mbalimbali. Duka hukusanya hizo karatasi, huzipeleka kudai, na hurudishiwa kiasi kilichoandikwa. Marekani hurudishiwa na senti 8 juu yake kwa kila moja, ujira wa usumbufu. Nakueleza haya kwa sababu mbili. Moja, maduka mengine hukubali uweke ya duka na ya mtengenezaji juu ya kitu kimoja, kwa kuwa walipaji ni wawili tofauti. Mengine hukataa kabisa. Uliza mara moja kwenye dawati la huduma kwa wateja, siku usiyo na haraka, usiulize mbele ya foleni. Na pale mashine inapokuachia uchague, ile ya asilimia itangulie wakati bei bado iko juu: kitu cha 100 kikikatwa 20% kwanza kisha 10 kinakuwa 70, ukianza na ile 10 kinakuwa 72.

Sababu ya pili ni ile aibu yako. Keshia hakufanyii hisani, wala duka haliombwi sadaka. Hiyo karatasi ni malipo, kama noti ilivyo malipo, ila ina masharti. Anayelipa kwa kadi mashine ikagoma mara tatu hatoki mbio akaacha kikapu. Nawe usitoke.

Siku ukirudi, nenda saa tulivu, asubuhi ya katikati ya wiki kama unaweza. Chukua kuponi mbili. Si saba. Vitu vyake viwe vya kwanza juu ya mkanda, ili kama kuna neno lisemwe mapema, si baada ya vitu 40. Mwambie keshia mapema, "Nina kuponi mbili," kisha tazama skrini. Ikikubali, vizuri. Ikikataa, sema, "Basi kitoe hicho," na uendelee na vingine. Sentensi hiyo fupi ingekuokoa Jumamosi ile: ungetoka na kila kitu isipokuwa vile vinne. Usibishane na keshia. Yeye hakuandika masharti. Kama una uhakika una haki, lipa vingine, kisha nenda dawati la huduma ukiwa na kuponi na risiti. Na wale wa kushusha pumzi watakuwepo tu. Hushusha pumzi hata kwa bibi anayetafuta miwani.

Kuna jambo moja ambalo wanaoanza huwa hawaambiwi, nalo ni kusubiri. Ukipata kuponi nzuri ya kitu kilicho kwenye orodha yako, usikimbie nayo siku hiyo hiyo. Fungua daftari. Kama bei iko juu sasa, na tarehe ya mwisho bado iko mbali, iache kwenye bahasha mpaka kitu hicho kifikiwe na zamu yake ya kushuka. Kuponi ya 20 juu ya bei ya 120 ni jambo la kawaida. Kuponi hiyo hiyo juu ya bei iliyoshuka mpaka 80 ndiyo inayoleta zile risiti za wifi yako, kama kweli anajua anachofanya. Siku hiyo ndipo unaponunua zaidi ya kimoja, lakini zaidi kwa kiasi gani? Kwa kiasi cha kukufikisha kwenye zamu ijayo ya kushuka. Kama mnatumia chupa moja ya sabuni kwa mwezi na zamu hurudi baada ya miezi miwili, unahitaji mbili, labda tatu. Chupa 11 ni karibu mwaka mzima wa sabuni, na hela iliyolala humo kabatini ndiyo ile mume wako aliyoikosa alipojumlisha risiti.

Kwa vinavyooza usijaribu kabisa kulimbikiza. Nusu bei ya kitu kilichotupwa ni bei kamili ya kutupa.

Zile programu za kurudishiwa fedha, zinazotaka upige picha risiti, ziache kwanza. Unalipa bei yote leo, fedha inarudi baadaye, na mara nyingi hairuhusiwi kutoka mpaka ifike kiwango fulani. Kwa mwenye kubana matumizi, fedha iliyo njiani si fedha. Ukishazoea, miezi sita kutoka sasa, unaweza kujaribu moja.

Usisahau pia kuhesabu miguu yako. Kuponi ya duka la pili inayokugharimu nauli na saa nzima siyo kuponi. Jiwekee kikomo, mimi nasema saa moja kwa wiki kwa mambo yote ya kuponi, daftari likiwemo. Ikizidi hapo umeajiriwa na kampuni ya sabuni bila mshahara.

Nirudi kwa wifi. Simtuhumu kwa uongo. Ila lile neno "umeokoa" chini ya risiti huhesabiwa kutoka kwenye bei ya juu iliyoandikwa na duka, pamoja na vitu ambavyo mtu hakuvihitaji. Makopo yako ya paka nayo yaliandikwa humo kama akiba! Watu hupenda neno hilo kuliko bei nafuu yenyewe. Mwaka 2012 kampuni ya maduka ya JCPenney ya Marekani iliamua kuacha kuponi na mapunguzo ya kila mara, ikaweka bei ya chini ya siku zote. Mauzo yakaanguka kwa takriban robo mwaka huo, na mwezi Aprili 2013 mkurugenzi aliyeleta wazo hilo akaondolewa. Hata wakipunguziwa, wateja walitaka waambiwe wamepunguziwa. Kwa hiyo mara ijayo wifi akitoa risiti, msifu, kisha muulize kwa upole ametumia kiasi gani mwezi mzima. Muulize kwa sababu unataka kujifunza, si kumsuta. Huenda akakujibu vizuri, na hapo utakuwa umepata mwalimu.

Swali hilo hilo ndilo lako na mume wako. Yeye tayari amekuonyesha kipimo sahihi, ingawa uso wake ulikuuma: jumla ya mwezi. Mketishe jioni moja umweleze lile la Jumamosi, maana kuficha kikapu kilichoachwa ni mwanzo wa kuficha mengine. Mwambie unaanza upya na kuponi mbili kwa wiki, na mwisho wa mwezi mtajumlisha pamoja. Kama anapenda hesabu kiasi hicho, mpe yeye daftari la bei. Wapo wanaume ambao hawawezi kukata kuponi mbele ya watu lakini ukiwapa daftari wanakuwa wakali kuliko mkaguzi.

Sabuni usiitupe. Baki na chupa tatu, nyingine nane badilishana na ndugu au majirani kwa vitu vilivyo kwenye orodha yako. Dawa ya kusukutua, kama haijafunguliwa na una risiti, uliza dukani kama wanapokea; wakirudisha fedha, tarajia kile ulicholipa, si bei ya bango. Chakula cha paka kipeleke kwa mwenye paka, na uombe hata sabuni ya kufulia kwa kubadilishana.

Mwezi ukiisha niandikie tena. Nitumie namba moja tu, ile ya jumla iliyolipwa. Ile ya "umeokoa" mwachie wifi.

Shangazi